Santuri za Kuondolea Matanga

Jumatatu, 11 Agosti

Inatangazwa kwa wakazi wote wa nyumba hii, yaani mimi, kwamba leo asubuhi mashine ya santuri imepanguswa vumbi kwa kitambaa chenye maji kidogo. Shughuli ilikwenda vizuri. Hakuna aliyeumia. Haikuwashwa.

Haijawashwa tangu mume wangu Venanti azikwe. Mjane hasikilizi muziki mpaka matanga yaondolewe. Hapa Gitega wanaita kuganduka, na siku yenyewe ni Jumamosi ya tarehe 23. Karibu mwaka mzima bila wimbo. Hata redio naizima habari zikiisha, kabla hawajaleta kile kimuziki chao cha katikati. Nimekuwa hodari. Kidole kinajua wakati.

Nimefungua kabare, baa yetu hapa nyumbani, mchana. Wateja wawili. Wamekunywa kama watu wanaosubiri kuitwa na daktari.

Jumanne, 12 Agosti

Shemeji Gaspari amepita. Ndiye kaka mkubwa wa Venanti, ndiye mkubwa wa ukoo, na siku ya kuondoa matanga ndiye atakayesimama mbele ya watu aseme nini ni cha nani. Nyumba najua nitaachiwa. Kabare ndiyo sijui. Tangu mwezi wa tano nasikia kuna mtu anaitaka, aweke televisheni kubwa aonyeshe mpira. Bila kabare nitakula kuta.

Gaspari aliomba bia. Akanywa nusu. Akasema, "Mke wa mdogo wangu, mi sikufukuzi. Lakini watu walikuja hapa kwa ajili ya diski za Venanti. Diski hazipo. Sasa we utawauzia nini, ukimya?"

Hazipo kwa sababu yeye mwenyewe alizigawa. Baada ya mazishi vitu vya marehemu viligawiwa ndugu: suti, baiskeli, santuri. Zile za bluzi, muziki wa huzuni wa Wamarekani weusi, zote zilikwenda kwa binamu wa Makebuko, mtu asiye na cha kuzichezea. Za soul zilikwenda Mutaho. Hizo niliziona tena wakati wa mavuno, zimetundikwa kwa kamba juu ya mpunga, zinafukuza ndege. Ziling'aa vizuri sana. Ndege hawakuzijali. Mashine niliachiwa kwa kuwa hakuna aliyejua inawashwa wapi.

Nimemwongezea bia. Ninamchukia kidogo, halafu nachoka, naacha.

Jumatano, 13 Agosti

Nimempigia Papa Bahati, Mkongomani wa Uvira anayeuza mitumba Muyinga. Venanti alinunua kwake miaka mingi.

"Mama! Umepiga vizuri. Niko na mzigo. Imevuka mpaka kule Kobero juzi, imefungwa ndani ya mabalo ya nguo. Bluzi iko, soul iko, ya zamani iko, ya sasa iko. Kuja, mama, batu ya Bujumbura banaanza kuulizia."

Watu wa Bujumbura wanaulizia kila kitu anachouza Papa Bahati. Hata soksi.

Nina uwezo wa santuri tano. Si sita. Nimepanga hivi: siku ile matanga yakishaondolewa, wateja wa zamani watakuwapo wote, nitaweka muziki, Gaspari aone kwa macho yake kwamba wanarudi. Ndiyo mpango mzima. Nikiuandika unaonekana mdogo.

Venanti alikuwa na utaratibu. Soul kwanza, jua likiwa bado, watu wakisalimiana. Bluzi baadaye, mtu akishakuwa na chupa ya pili. Ukianza na bluzi wanaenda nyumbani mapema kuomba msamaha kwa wake zao. Hasara.

Kwa hiyo: soul tatu, bluzi mbili. Tatizo ni moja. Matanga hayajaondolewa. Siwezi kuzisikiliza kabla ya kununua.

Alhamisi, 14 Agosti

Mafuta ya magari hakuna. Nimekaa juu ya begi langu asubuhi nzima kusubiri gari la Muyinga linalopitia Karuzi. Vumbi. Dereva alikuja, akatutazama, akaenda kula. Muyinga nimefika na mgongo wa mtu mwingine.

Nimefikia kwa wifi Josefina, dada yake Venanti. Amenipikia vizuri. Ameuliza nimefuata nini Muyinga. Nimesema nguo. Hajaamini. Ana macho ya kaka yake mkubwa, yanayokagua mzigo.

Ijumaa, 15 Agosti

Sikukuu. Papa Bahati amefungua baada ya misa, bado amevaa koti la kanisani.

Santuri zilikuwa kwenye sanduku la mbao, kama arobaini hivi. Nimekaa kwenye kigoda nikaanza kuzipekua. Mgongo unauma. Za zamani majalada yamefifia, pembe zimeliwa na panya wa nchi mbalimbali. Wanaume wenye kofia. Wanaume wenye gitaa na hasira. Mwanamke mnene amefumba macho, mkono kifuani, kama anayesikilizia kiungulia. Za sasa bado zinanukia duka. Vijana wamevaa nguo za zamani makusudi.

"Hii iko namna gani?" nikauliza. Nikiwa naye naongea kama yeye.

Papa Bahati akafungua mdomo aimbe.

"Usiimbe! Nina matanga."

"Ah, pole, mama, nilisahau. Mais sasa nitakuelezea namna gani bila kuimba?"

"Kwa mikono."

Basi mtu mzima akanielezea bluzi kwa mikono, amevaa koti la kanisani. Ya kwanza: mikono chini, pole pole, kama anayebembeleza mtoto asiyetaka kulala. Ya pili: ngumi, ngumi, kisha akajishika kiuno. Watu wawili wakasimama mlangoni. Mmoja akauliza kama anaumwa.

Nimetumia pia macho. Nilikaa na Venanti miaka ya kutosha kujua kwamba mistari ya santuri inasema kitu. Pale ilipo myeusi na laini, sauti ni ya chini. Pale inapokwaruza mwanga, wanapiga kelele. Nimeziinua moja moja kuelekea dirishani.

Bluzi nimepata mbili. Mzee mwenye gitaa dogo, ameketi ngazini, hamtazami aliyempiga picha. Na mwingine mwenye harmonika, kile kinanda cha mdomo, laini upande mmoja, kelele upande wa pili. Soul nimepata mbili za zamani: yule mwanamke wa kiungulia, na kundi la wanaume wanne wenye suti za rangi ya papai.

Ya tano bado. Papa Bahati anataka nichukue mwanaume mwingine mwenye kofia. "Papa Venanti angechukua hii. Ya sasa alisema iko maji ya sukari."

Kweli alisema. Hakununua hata moja ya mtu aliye hai. Lakini mimi nimechoka na wafu. Nimeishi nao mwaka mzima. Kuna msichana kwenye jalada moja jipya, nywele zake mwenyewe, amesimama jikoni kwa mtu, ameshika sufuria tupu. Nimeitazama mara nyingi mno. Nimesema nitarudi kesho.

Wifi ameuliza nguo ziko wapi. Nimesema sijapata saizi.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimerudi. Papa Bahati alikuwa ameweka mashine yake ya santuri juu ya meza.

"Mama, sikiliza kidogo tu. Muyinga nani anakujua?"

Nilikasirika. Kisha nikaona kuwa nimekasirika kwa sababu nataka. Nimekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, ukweni wananiita Mtanzania hadi leo, hasa nikikosea. Sijawahi kuwapa sababu ya bure. Matanga nimeyashika vizuri kuliko wao. Simu ya Gaspari inaita kwa wimbo tangu mwezi wa pili.

Nikamwambia, "Chomoa waya wa spika."

Akachomoa. Akaiweka ile ya msichana wa sufuria. Ikazunguka. Sindano ikashuka. Kimya. Ikawa sahani tu inayozunguka, na mwanamke wa makamo anaitazama.

Nikainamisha sikio.

Watu hawajui hili, lakini sindano yenyewe ina kasauti. Bila spika, bila chochote. Kasauti kadogo kabisa, kama mbu ndani ya kikombe. Ila mbu huyu alikuwa na maneno. Alipanda, akashuka, akangoja, akapanda tena.

Nimejiuliza kama mbu ni muziki. Nimeamua si muziki.

Nimesikiliza upande mzima. Nimelia. Papa Bahati akajifanya anahesabu suruali.

Nilipoinua kichwa wifi Josefina alikuwa mlangoni. Alikuwa amekuja kuangalia hizo nguo zisizo na saizi. Alinitazama mimi, akatazama mashine, akaitazama santuri ikizunguka. Akaondoka bila kusalimia.

Nimeinunua.

Jumapili, 17 Agosti

Nimerudi Gitega. Habari zilifika kabla yangu, zenyewe hazihitaji mafuta.

Gaspari kwenye simu: "Nasikia umecheza muziki Muyinga. Kabla ya kuganduka. Mke wa marehemu!"

"Nani aliusikia?"

"Josefina amekuona."

"Ameniona. Ameusikia? Shemeji, waya wa spika ulikuwa mezani. Muulize."

"Sasa ulikuwa unafanya nini umelaza kichwa pale?"

"Nilikuwa nasikiliza sindano. Inalia kama mbu."

"Tutaongea siku hiyo," akasema. Akakata.

Basi. Kabare imekwenda. Nimeiuza kwa mbu.

Jumatano, 20 Agosti

Sina hamu ya kula. Nimechambua maharage kwa ajili ya wageni wa Jumamosi kana kwamba ni wa mtu mwingine. Ndugu wanaanza kufika. Kila anayeingia ananitazama masikio.

Santuri tano ziko chini ya kitanda. Sijui hata kama ni nzuri. Nne sijasikia kabisa, na moja nimesikia ukubwa wa punje ya mtama. Nimewahi kununua viatu kwa uangalifu zaidi.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimefikiria kuomba msamaha. Nimefikiria vizuri. Siombi.

Ijumaa, 22 Agosti

Kreti za bia zimefika. Viti vya kukodi vimefika, vitatu vibovu. Wifi Josefina amefika, amelala chumba changu, hatujaongea. Anakoroma kama Venanti. Hilo sikulitegemea.

Jumamosi, 23 Agosti

Misa asubuhi. Kaburini. Nyumbani. Katekista akasali kwa muda mrefu, jua likiwa kichwani. Kisha nikaenda ndani, nikavua nguo za matanga, nikavaa kitenge cha njano. Nilipotoka watu walipiga makofi. Sikujisikia njano.

Watu walikula. Nikaingia kabare, nikaunganisha waya. Kwa utaratibu wa Venanti, soul kwanza. Niliweka wanaume wa suti za papai.

Wabaya. Wabaya kabisa. Wanaimba kama wanaouza sabuni. Papa Bahati alinielezea kwa mikono mizuri mno. Watu waliendelea kutafuna. Mwalimu Siriako, mteja wetu wa miaka yote, mstaafu, alinitazama kwa huruma.

Nikaiondoa katikati. Sikufuata tena utaratibu wa mtu. Niliweka mzee wa gitaa dogo, jua likiwa bado juu, chupa za pili bado hazijafunguliwa. Bluzi mchana kweupe.

Ilianza kwa mguu wake unaopiga sakafu. Kisha gitaa. Kisha yeye, akilalamika pole pole bila kumlaumu mtu. Kiingereza hakuna aliyekielewa. Mezani wakanyamaza mmoja mmoja. Hakuna aliyekwenda nyumbani. Walifungua chupa za pili, wakafungua na za tatu. Mwalimu Siriako akaja mpaka mlangoni na kiti chake.

"Mama, irudie."

"Upande wa pili upo, Mwalimu."

"Huo nao. Lakini kwanza irudie."

Mwanamke wa kiungulia alikuwa mzuri. Wa harmonika alikuwa na mkwaruzo, anarudia neno moja mpaka umsukume, watu wakacheka wakampenda. Mwisho msichana wa sufuria. Kwenye spika sauti yake ni kubwa kuliko nilivyofikiri, na nzito. Wifi Josefina aliinuka. Nilidhani anakuja kunikemea. Alikuwa anacheza. Macho amefumba, kikombe mkononi. "Ndiyo huyu uliyekuwa unamsikiliza?" akauliza. Nikasema ndiyo. "Angalau anastahili," akasema.

Jioni Gaspari akasimama. Nikakaa chini.

Alimsifu marehemu. Alisifu ukoo. Alijisifu kidogo. Kisha: "Huyu Mtanzania wetu. Tuliambiwa alisikiliza muziki Muyinga kabla ya siku. Tukafanya uchunguzi. Tumekuta alisikiliza mbu." Watu wakaanguka kwa kicheko, wifi kuliko wote. "Ndugu zangu, mtu anayeshika matanga hivyo, tutamnyang'anya nini? Nyumba ni yake. Kabare ni yake."

Makofi. Nilisimama nikashukuru, sikumbuki nilisema nini.

Nimeshinda. Kwa santuri tano, moja mbovu. Nimechagua kwa macho, nimechagua kwa mbu, na nimeokoa kabare. Naandika hivi nione inavyokaa. Inakaa vizuri.

Jumatatu, 25 Agosti

Nimefagia. Nimerudisha viti. Ndugu wameondoka. Wifi ameomba jina la msichana wa sufuria, nimemwandikia kwenye kiganja.

Gaspari amepita kuchukua koti alilosahau. Nimempa chai. Amekaa. Nje palikuwa pametulia.

Nikamwuliza yule mtu wa mpira alipokeaje, kunyimwa kabare. Ilimbidi afikiri ni nani.

Akasema yule alipata chumba cha televisheni yake karibu na soko tangu mwezi wa sita. Hapa kwetu aliona ni mbali.