Muulize Dakta na Langu

Nizwa, 14 Januari 2024

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Magoti yanasemaje na baridi hii? Mimi mwili haujambo, alhamdulillahi, moyo ndio mgonjwa.

Mimba imetoka, bibi. Wiki ya kumi, siku nane tangu nirudi kutoka kwako Ibra. Mama mkwe kila akipita anautazama ufunguo wa gari. Niliendesha mwenyewe, na njiani, pale Bidbid, nilipita tuta kwa kishindo. Nalifikiria tuta lile mchana kutwa.

Hospitali wametupa miadi, mimi na Muatasim, tukazungumze na Dakta Wiam. Siendi. Akisema ni mimi, nitamtazama vipi mume wangu?

Kwenye simu husikii, kwa hiyo naandika. Azza jirani yako atakuonyesha picha ya barua.

Mjukuu wako,
Nahla


Nizwa, 2 Machi 2024

Bibi, shikamoo. Hujambo huko?

Wiki saba, hata salamu. Azza anasema ulisoma, ukamrudishia simu yake, ukaingia ndani. Umenikasirikia kwa ajili ya gari, najua. Basi nitukane, bibi, lakini usininyamazie. Miadi nimeiahirisha mara mbili. Muatasim analala sebuleni.

Mjukuu wako,
Nahla


Ibra, 9 Machi 2024

Nahla, roho yangu,

Marahaba, marahaba mia. Magoti yale yale, yamenizoea.

Kukasirika na nani, wee mtoto! Nimenyamaza kwa woga. Mtu mzima mimi, nakuogopa wewe.

Unakumbuka siku ile nilikuwa nampikia uwatu Shatha, mke wa mjomba wako, yumo kwenye arubaini yake ya uzazi? Ukasikia harufu, ukasema, "Bibi, nautaka." Uwatu ni wa mzazi, si wa mwenye mimba, wanasema huitoa, mama yangu Unguja alikuwa akiufungia kabatini. Lakini kwetu mwenye mimba hanyimwi alichotamani. Nikakupa bakuli zima, na asali juu, ukaramba na kijiko. Siku nane tu, Nahla! Ni mimi, si gari wala tuta.

Nenda kwa dakta umwambie bibi yangu mjinga kanilisha uwatu. Na huyo mume wangu Muatasim mwambie arudi chumbani, mkosa yuko Ibra. Azza ndiye anaipiga picha barua hii, Kiswahili hajui, ndiyo maana najianika.

Bibi yako,
Khole


Nizwa, 21 Machi 2024

Bibi, shikamoo na Ramadhani karimu. Saumu inakwendaje?

Tumekwenda kwa dakta. Nikamweleza tuta langu na bakuli lako, vyote. Dakta Wiam akatabasamu, si kwa dharau. Kasema mimba nyingi zinazotoka mapema huwa hazikukaa sawa tangu kutungwa, na mama hana alilolifanya. Tuta halitoi mimba. Bakuli la uwatu halitoi mimba.

Halafu Muatasim akauliza kama ni kwa sababu tuligombana wiki ile. Wallahi sikujua kwamba naye ana lake! Dakta kasema hapana. Tukalia sote wawili mbele ya mgeni wa watu, hata haya hatukuona. Kasema mwili na moyo vikitulia tunaweza kujaribu tena, na wengi hujaaliwa.

Mumeo amerudi chumbani.

Mjukuu wako,
Nahla


Ibra, 12 Aprili 2024

Nahla wangu,

Idi njema, mwanangu. Natumai nyote wazima. Barua yako nimeisoma mara nne, Azza kachoka na simu yake.

Idi hunirudisha Unguja, Mnazi Mmoja. Ah, jioni zile! Ubuyu, karanga za moto, nguo mpya bado zinanukia duka, na pembea za mbao zinazosukumwa kwa mikono, zinakurusha juu mpaka tumbo linabaki chini.

Mwaka sitini na mbili nilikuwa na miaka kumi na saba na mimba ya miezi mitatu. Tulitoroka na wifi yangu Mwanamboka, tumejifunika mabuibui yetu, tukapanda. Nilicheka, Nahla, sijapata kucheka vile tena. Siku ya tatu mimba ikatoka. Mkwe wangu akasema, "Umemuua mjukuu wangu kwa pembea." Babu yako hakutia neno, mpaka anakufa hakutia neno. Nikazaa watano baadaye, na kila mmoja nilimpokea kwa hofu, nikiona sistahili.

Sijapata kumwambia mtu. Ukimwona dakta wako, muulize na langu. Usinitaje jina. Sema bibi mmoja tu.

Bibi yako,
Khole


Nizwa, 17 Aprili 2024

Bibi, shikamoo. Leo sikuulizi magoti.

Sikuwa na miadi. Nilikaa nje ya chumba chake mpaka mgonjwa wa mwisho akatoka. Nikamweleza pembea, siku ya tatu, na maneno ya mkwe. Akauliza huyo mama ana umri gani. Nikasema anakaribia thamanini. Akavua miwani. Kisha akasema, "Pembea haitoi mimba. Hata angelala kitandani siku zote tatu, asingeweza kuizuia. Na wewe usingoje kufika nyumbani, mwandikie sasa hivi."

Basi niko ndani ya gari mbele ya hospitali, karatasi juu ya usukani, na Azza nimeshampigia aje kwako mbio.

Hukuwa wewe, bibi. Ulikuwa msichana wa miaka kumi na saba, unacheka siku ya Idi.

Mjukuu wako,
Nahla