Kofia Isiyovulika

Isevya, Tabora
Jumapili, baada ya misa

Mela, mdogo wangu,

Masista walitufundisha kuanza barua kwa kusema mimi ni mzima, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali. Nimeandika hivyo, kisha nikakata kwa wino. Wewe umeshapita kwenye hofu, na mimi uzima wangu ni wa kutembea tu. Shikamoo yako nimeikosa miezi mitano sasa. Ulikuwa ukinipa kila asubuhi huku unakimbilia uji, nami naitikia marahaba bila hata kugeuza shingo. Leo ningegeuka.

Ngoja nikupe za nyumbani kwanza, maana najua ungeuliza. Mvua zilikuja wiki mbili baada yako, zikalilaza lile vumbi lote. Mahindi ya Mama nyuma ya nyumba, aliyoyapanda kwa kuchelewa, yamefika kifuani. Baba bado yuko reli. Siku ile alikuwa Mpanda, habari zikamkuta njiani, akashuka stesheni siku ya pili baada ya mazishi, mkononi ana kopo la asali uliyomwagiza. Hakuna aliyelifungua. Liko juu ya kabati, sisimizi wameshalijua, na Mama kila asubuhi anawafuta kwa kitambaa halafu analirudisha pale pale. Kaburi lako limeota nyasi. Liko upande wa ile njia ya zamani ya Ujiji, walikopita wapagazi, na bado watu wanapita hapo kwenda mashambani. Nilifurahi kidogo kwa hilo. Wewe na ukimya hamkuwahi kupatana.

Haya, hizo ndizo habari. Sasa lile neno lililonikalisha hapa.

Unaikumbuka harusi ya binti wa karani wa stesheni. Utaacha kuikumbukaje! Bibi harusi alitaka watoto sita wamtangulie kanisani wakimwaga maua, na vichwani wawe na tepe, tena zionekane. Padre naye akasema hakuna kichwa cha kike kitakachoingia wazi kwenye misa yake, kiwe cha mama au cha mtoto. Watu wakaanza kubishana. Mimi mawazo yakanienda mbio. Wasusi wote wa Isevya wanajua mistari. Nilitaka jambo ambalo hata mafundi wa mjini hawajaliona, ili kina mama wakitoka kanisani waulizane nani kasuka wale watoto.

Nikachukua kofia za ukindu alizosuka Mama tulipokwenda Usoke, nikazitoboa utosini, tundu la kupitisha ngumi ya mtoto. Nywele nikazisuka mistari kumi na miwili, ya mbele inapanda kutoka kwenye paji, ya nyuma inapanda kutoka kisogoni, yote inakutana utosini. Hapo ndipo nikavisha kofia, nikaitoa misuko juu kupitia lile tundu, nikaizungushia tepe nyekundu na nyeupe, nikailaza juu ya kofia duara kama ua, na ncha zake nikazishona kwa uzi kwenye ukindu. Kichwa kimefunikwa, padre hana neno. Tepe zinaonekana, bibi harusi hana neno. Ila kofia yenyewe haivuliki. Ukitaka kuivua uanze kwenye ncha moja iliyofichwa, na hiyo ncha nilijua ilipo mimi peke yangu. Nilijisifia hilo, Mela. Nilimwambia mama Tatu, jirani yetu, kwamba hata upepo wa Oktoba hauitoi.

Wewe nilikusuka wa mwisho, Ijumaa alasiri, kwa kuwa wewe ni wa nyumbani, na wa nyumbani husubiri. Ulikaa uani katikati ya magoti yangu. Nilipofika mstari wa tisa ukasema, "Dada, kichwa kinaniuma." Nikakupiga kitana begani. Nikasema lile neno la marehemu bibi yetu, ambalo kila msusi analo mdomoni: "Ukitaka uzuri, sharti udhurike."  Nilipomaliza kuvisha kofia ukasema tena, na safari hii ukashika kisogo. "Si nywele, dada. Ni ndani."

Nami nikacheka. Mayo wane, mama yangu, nilicheka! Nikakuita binti mfalme. Nikakwambia ukienda kumlilia Mama ataniamuru nifumue, na nikifumua wewe kesho utabaki na kuku, wenzako watano waende. Wewe mtoto ulikuwa mbishi, ulibishana hata na radi. Siku hiyo moja ukanitii.

Na bibi alitufundisha. Neno la kudhurika alilisema yeye, lakini mkono wake ulifanya lingine, na wewe uliona mara ngapi. Mtoto akilalamika, bibi alikuwa anapitisha kidole chake kidogo chini ya msuko. Kikikwama, umekaza, legeza. Kikipita, msuko hauna kosa, tafuta maumivu kwingine. Ni kazi ya mara moja tu. Lakini kofia ilikuwa imeshakaa, na kuingiza mkono chini yake kungevuruga lile duara langu. Sikupitisha kidole. Ndilo neno lenyewe hilo, Mela. Nimeliandika.

Jumamosi uliamka shingo haigeuki. Ulikuwa umelala umeegemea ukuta ili usiiharibu kofia, basi sote tukasema ni kulala vibaya. Nikakukanda kwa mafuta, tena kwa haraka, maana gari la bibi harusi lilikuwa limeshapiga honi. Kanisani ulitembea umenyooka, macho mbele, hukugeuka kulia wala kushoto. Nilikuwa nimesimama nyuma na kina mama. Mmoja akasema, "Tazameni yule mtoto anavyojua kubeba kichwa!" Nikavimba kwa sifa. Wenzako walikuwa wanageuka kuchungulia wazazi wao, wewe peke yako ulikwenda moja kwa moja hadi altareni. Nilidhani ni heshima. Kumbe hukuweza kugeuka.

Jioni ulitapika, tukaulaumu pilau. Jumapili asubuhi ukalia kwamba jua linakuchoma macho, na ulikuwa ndani, dirisha limefungwa. Mama akakubeba mgongoni hadi hospitali, mimi nyuma nimeshika ile kofia isimkwaruze shingo. Mganga alijaribu kukuinamisha kidevu kiguse kifua, hakikuinama. Akauliza maumivu yameanza lini. Mama akasema jana. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, mkono wangu juu ya mguu wako, na nilijua si jana. Nikafunga mdomo. Alisema ni homa ya uti wa mgongo, akasema ugonjwa huu siku moja kwake ni nyingi. Alifanya alichoweza. Kengele ya jioni ilipolia ulikuwa umeshakwenda.

Hujui yaliyofuata, basi nitakusimulia, hata kama ni mabaya. Kina mama walikuja kukuosha. Wakashika kofia, haitoki. Wakazungusha vidole kwenye lile duara wakitafuta mwanzo wake, hawakuuona. Mmoja akaomba wembe akate misuko yote chini ya kofia. Mama akasimama mlangoni, akasema, "Mwanangu hazikwi na kichwa cha kukatwakatwa." Kisha akasema, "Mwiteni aliyefunga."

Nikaingia. Nikapiga magoti kichwani kwako pale mkekani. Ncha nilikuwa nimeificha nyuma ya tepe nyeupe, upande wa sikio la kushoto. Nikakata uzi, nikafungua tepe, nikaishusha misuko moja moja kwenye tundu, nikaivua kofia. Halafu, sijui ni mazoea au ni Mungu kunihukumu, kidole changu kidogo kikaenda chenyewe chini ya mstari wa kisogoni. Kikapita. Nikajaribu wa pili, kikapita. Yote kumi na miwili, Mela, ilikuwa ya mkono mwepesi, sikuwa nimekaza hata mmoja. Kichwa hakikuuma kwa nywele. Uliniambia hivyo wewe mwenyewe, kwa mdomo wako. Nikafumua, nikachana, nikapaka mafuta, na kina mama walidhani nalia kwa sababu moja.

Tangu siku hiyo sikusuka. Watu wakaja, nikasema mkono unaniuma. Siku ya kuondoa matanga tulinyolewa sote, Mama na mimi, nywele zikafukiwa, nikashukuru sina hata kichwa changu mwenyewe cha kushughulikia. Kwa padre nilikwenda. Alinisikiliza, akanipa sala. Sala nilizimaliza, ikabaki kumwambia Mama. Kila akipepeta mchele namtazama mikono, nasema leo nitamwambia. Kila akipita pale kabatini kuwafuta wale sisimizi, nasema kesho.

Basi wiki iliyopita mama Tatu akaja. Idi imekaribia, Tatu amefikisha miaka saba, mama yake anamtaka na kofia ile ile, na tepe zile zile. Eti watu bado wanaisimulia. Ndiyo sifa niliyoitaka, nimeipata! Nikamwambia kofia hapana, nitamsuka mistari mitupu. Sikutaka hata hiyo, lakini yule mtoto alikuwa ameshakaa katikati ya magoti yangu, ananipa kitana.

Mstari wa nne akasema kinauma.

 Nikapitisha kidole, kikakwama. Nilikuwa nimekaza mno, miezi mitano bila kazi mkono umesahau kipimo. Nikafurahi kama mwendawazimu. Nimekaza! Ni nywele tu! Ningelegeza yakaisha. Sikuweza. Nikafumua ule, nikafumua wa tatu, nikafumua yote, nikamwambia Tatu aende kwao. Akaenda kichwa kimesimama kama kinda la kunguru. Mama yake hakuchelewa, alirudi kiunoni kajifunga khanga, akasonya hadi uani. "Msusi gani huyu anayeogopa kichwa?"

Mama alikuwa kwenye mahindi. Alisikia. Mama Tatu alipoondoka akaja na jembe lake mkononi, akasimama mbele yangu, akauliza kuna nini. Nikamwambia, Mela. Nikamwambia Ijumaa, nikamwambia kisogo, nikamwambia nilivyokukataza kwenda kwake. Sikumtazama. Nilitazama jembe.

 Akaliweka jembe chini, taratibu, kana kwamba kuna mtoto amelala.

"Na mimi aliniambia," akasema.

Asubuhi ya harusi. Mlangoni, "ananifungia vifungo vya gauni," ndivyo Mama alivyosema, kisha akajirekebisha, "namfungia yeye vifungo." Ulimwambia kichwa kinauma ndani. Na Mama akakwambia maneno ya bibi, yale yale, ukitaka uzuri. Akakusukuma mgongoni utoke, gari linasubiri.

Miezi mitano tumekaa nyumba moja, tunakula sahani moja, kila mmoja anamficha mwenzake. Nilikuwa nimedhani nikisema nitapumua. Wala. Nisikudanganye wewe. Nililia, Mama akalia, tukashikana, na bado kilichonijia kichwani ni kwamba mtoto huyu alibisha hodi milango miwili, nyumba ina watu, hakufunguliwa. Nina hasira, Mela. Nina hasira na mimi, na kidogo na Mama, na lile neno la bibi nalichukia kabisa. Majuto ni mjukuu, wanasema. Mimi wangu amenikalia mapajani na hashuki.

Jana Mama akatoka uani na kigoda kidogo, kile chako. Akakiweka mbele yangu, akakaa akanipa mgongo. Nywele zake zimeota, zinashikika kwa shida, na zilizorudi zina mvi ambazo hakuwa nazo. Akasema, "Nisuke." Nikasema Mama, siwezi. Akasema, "Twende kilioni basi, hiyo hata kipofu anaiweza." Ni ile mistari ya kurudi nyuma, ya haraka, isiyo na mapambo. Nikaanza.

Mstari wa tatu akasema, "Kinauma."

Nikasimamisha mkono. Nikapitisha kidole changu kidogo chini ya msuko, pole pole, kutoka kwenye paji hadi kisogoni. Kikapita bila kugusa kitu. Mama alikuwa anajua ninachofanya, bibi alimfundisha yeye kabla yangu.  Nikaweka mikono miwili juu ya kichwa chake, tukakaa hivyo, uji ukaungua jikoni na hakuna aliyeinuka.

Mdogo wangu, karatasi inaisha. Kesho nitamwita Tatu nimalize kichwa chake, nimeshamwomba radhi mama yake. Lile neno la uzuri na kudhurika halitatoka tena kinywani mwangu, na mtoto atakayekaa katikati ya magoti yangu akisema kinauma, nitasimama. Nitapitisha kidole. Kikipita, nitamshika mkono nimpeleke kwao na kichwa chake nusu, hata kama kengele ya kanisa inalia na bibi harusi yuko mlangoni. Hii ni ahadi, na wewe ulikuwa unazihesabu ahadi zangu.

Msalimie bibi. Mwambie mkono wake ulikuwa na akili kuliko mdomo wake.

Kofia nimeichoma. Lala sasa, Mela. Lala ubavu wowote unaoupenda.

Dada yako,
Paulina