Jiko Chini ya Kitanda cha Mzazi

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Kwa umri nimekupita zamani, lakini dada ni dada.

Nimeandika mistari hiyo nikainuka, nikaenda kuchungulia chumbani, nikarudi. Nitainuka tena kabla sijamaliza, unisamehe. Binti yangu Zuhura, ambaye hukumjua, amejifungua mtoto wa kike, na kwa kuwa ni uzazi wa kwanza amekuja kukaa arobaini kwangu hapa Buguruni. Juzi Mama akaingia kutoka Temeke na gunia lake la mkaa. Tangu hapo sina raha.

Unamjua Mama kwa mambo ya uzazi. Wewe alianza kukuandalia chumba kabla hata uchungu haujakushika. Aliziba dirisha kwa mkeka, akaona haitoshi, akapanda juu ya kinu na kujaza magunia ule mwanya wa juu ya ukuta, chini ya madebe ya paa. Akasema mzazi na upepo ni maadui. Ukamwambia, "Basi nizibe na pua, Mama." Alikufinya sikio, ingawa ulikuwa na tumbo lile. Mie nilikuwa kigori wa kuteka maji, nikacheka mpaka nikamwaga debe zima.

Na mkaa wake je? Kuni hakuzitaka kabisa, maana moshi wake huumiza macho ya mtoto na kifua cha mzazi. Alitaka mkaa mgumu wa kutoka Pugu. Aliukoka uani mpaka ukawa mwekundu wote, hata uzi mmoja wa moshi usionekane, ndipo akalisukuma jiko chini ya kitanda chako cha kamba. Huo ndio ulikuwa ustadi wake, na wanawake wa mtaa mzima walimsifia. Mkaa usio na moshi una ubaya gani? Nani angembishia?

Siku ile ilikuwa mvua ya masika. Ulikuwa umekwisha kandwa maji ya moto, umekunywa uji wako wa pilipili manga, ukajilaza. Mama alinipa mwanao nikae naye chumba cha mbele ili upate usingizi. Alipokuja kukuamsha ule chakula cha mchana, hukuamka. Vilio sivikumbuki sana, ila nakukumbuka wewe. Midomo yako ilikuwa myekundu, na viganja vyako vyekundu. Wanawake waliokuosha walisema umekwenda na uzuri wako. Wengine walisema ni jini. Mama alisema palibaki mwanya mahali, upepo ukakuingia, na miaka yote hii kila mzazi aliyekabidhiwa amemzibia chumba kuliko alivyokuzibia wewe. Mungu amewasitiri. Wapo waliotoka humo wakitapika na kushika vichwa, wakaambiwa ni homa ya uzazi.

Mwanao ni mtu mzima sasa, kuli bandarini, na ana kicheko chako. Hilo nalo ulijue.

Mume wangu, Baba Zuhura, ni dresa, mfunga vidonda, katika hospitali moja mjini. Ni mtu wa bara, mpole, ila akijifunza neno jipya hatulii mpaka na mie nilijue. Kipupwe kilichopita waliletewa mlinzi wa ghala aliyejifungia kibandani akaota moto wa mkaa. Hakupona. Baba Zuhura akarudi nyumbani na neno kaboni. Tukiwa tunakula akanieleza kwamba mkaa ni kaboni, na kaboni hiyohiyo imo katika sukari, katika unga wa muhogo, katika miili yetu yenyewe. Chakula, anasema, huungua ndani yetu polepole bila mwali, na kaboni yake hutoka puani ikiwa imeshikana na hewa njema, ile tunayoivuta. Hiyo huitwa dioksaidi, na ndiyo inayochemka ukifungua chupa ya soda. Nikamwambia kumbe ameoa jiko linalotembea. Akacheka, akasema si uongo.

Kisha akaacha kucheka. Mkaa ukiwaka mahali pasipo na hewa ya kutosha, akasema, kaboni hupata nusu tu ya haki yake, ikawa kitu kingine, monoksaidi. Haina moshi, haina harufu. Damu huipenda kuliko hewa njema, huishika na haitaki kuiachia, na mtu hufa kwa kukosa hewa huku anapumua. Akaongeza kwamba maiti wa namna hiyo hutambuliwa kwa damu yake, maana huwa nyekundu mno, na midomo hubaki kama ya mtu mwenye afya tele.

Nikalirudisha tonge sahanini. Nikatoka uani nikakaa mbele ya jiko langu, nikalitazama mpaka likazimika. Tangu siku hiyo nalijua jina la kilichokuua, na sina pa kulipeleka. Nimwambie Mama? Nimwambie ni mkono wake? Yeye ambaye mpaka leo hawezi kulitaja jina lako bila kwanza kumeza mate? Nikasema acha nife nalo.

Lakini sasa yuko chumbani kwa Zuhura. Nililitoa jiko, nikasingizia mtoto anatoka jasho. Akalirudisha. Nilifungua dirisha, akalifunga. Nikaling'oa bao la dirisha lenyewe, nikamwambia limeliwa na mchwa, naye akatundika kanga mbili na mkeka. Hivyo ndivyo tulivyoshinda, mwanamke mzima na mama yake, kama watoto wanaogombea kigoda. Baba Zuhura alitaka kwenda kumwambia mwenyewe. Nikamkatalia, kwa kuwa jambo hilo Mama si wa kuambiwa na mkwe.

Leo asubuhi mvua ikaanza. Mama akakiburura kinu mpaka ukutani, akapanda na magunia yake. Zuhura akasema kichwa kinamgonga. Nikasimama mlangoni.

"Mama, mkaa unaua," nikasema. "Una hewa isiyoonekana. Ukifunga chumba inaingia kwenye damu."

Hakugeuka. Akauliza taratibu, "Toka lini?"

Angeuliza nani kasema, ningemjibu. Angenifokea, ningemfokea na mie, Mungu anisamehe. Lakini toka lini, dada! Uongo, kwamba ni mkaa wa siku hizi tu, ulikuwa umekwisha fika ulimini, nikamtazama Zuhura, nikaumeza.

"Toka zamani, Mama."

Akateremka kwenye kinu. Akalivuta jiko kutoka chini ya kitanda, akalitoa mwenyewe mvuani. Akarudi, akatoa magunia, akashusha kanga na mkeka, akaketi chini ya dirisha huku mvua ikimrukia mabegani. Nilimwomba asogee, akakataa. Kisha akasema bila kuniangalia:

"Mwenzio aliniomba nimfungulie. Alisema kichwa kinamuuma. Nikamwambia avumilie."

Hilo hakuwahi kumwambia mtu yeyote.

Bado amekaa palepale. Zuhura na mtoto wamelala, wanapumua vizuri, nimetoka kuwatazama sasa hivi. Chakula Mama hajakigusa. Nimemwambia hakujua, akanijibu kwamba wewe ulijua. Moyo wangu hautulii, kila kitu nakishika nakiacha.

Wewe ndiye uliyekuwa ukiweza kumchekesha hata akiwa na hasira. Kama huko mnaruhusiwa kuja ndotoni, usije kwangu, ingawa nimekungoja miaka yote hii. Nenda kwake. Dirisha liko wazi.

Ni mie mdogo wako,
Mama Zuhura