Fuwele Yako Tumeipima, Asya

Asya, rafiki yangu,

Salamu za Mwenyezi Mungu zikufikie huko uliko. Fuwele yako tumeipima.

Nakukumbuka ulivyokuwa ukiikuza kule Ulaya, kijiti cheusi cha oksidi ya shaba kikirefuka polepole ndani ya tanuri, nawe hubanduki, chai inapoa. "Usinisemeshe, Zuwena, kitakatika." Kisha ukaja kwenu Ole likizo, homa ikakushika. Ulipofariki walikuzika siku ile ile. Kaka yako alinipigia simu maabara. Nikasema "Inna lillahi," simu ikakatika, nikaendelea kuosha vyombo vya kazi. Sikujua la kufanya jengine.

Zamu yetu kwenye mtambo wa eksirei ilipofika, nikaenda bila wewe. Nikaibandika fuwele kwa gundi, ikapozwa baridi kali, mwale ukaanza kuipiga. Wale wa mtambo wakauliza uko wapi. Nikawaambia. Wakanipa pole, tukarudi kazini.

Mwanzo tuliona miale inayorudi vile vile ilivyoingia, basi. Kisha pembeni kikatokea kinundu kidogo kwenye mchoro: miale iliyorudi na nishati pungufu. Tukaigeuza fuwele kidogo, kinundu kikasogea. Tukaigeuza tena, kikasogea tena. Ndilo lile wimbi la sumaku ulilokuwa ukilitafuta. Wenzangu wakashangilia, mmoja akanikumbatia. Mimi nilisikia njaa tu.

Juzi nimefika Ole. Mama yako alikuwa uani anageuza karafuu kwenye jamvi. Nikamwamkia, akanikalisha karibu yake.

"Kile kijiwe cha Asya kilifaa?"

"Kilifaa, Bi Raya."

"Kilifaa nini? Alikuwa akinieleza, namuitikia tu."

Nikamweleza kama ulivyokuwa ukieleza. Kwamba ndani ya kijiwe kila chembe ya shaba ni sumaku ndogo, moja imeelekea juu, jirani yake chini. Eksirei ikiitikisa moja, mtikisiko unawapitia majirani kama wimbi, na nguvu iliyochukuliwa na wimbi ndiyo inayopungua kwenye mwale unaotoka. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Rudia, mwanangu."

Nikarudia. Nikaona midomo yake inanifuata, maneno yako anayajua yote. Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Yangu hayakutoka kitu. Wingu lilikuwa limefunga, nikamsaidia kukusanya karafuu, tukaingia ndani.

Kaburini nimefika. Nimekusomea Fatiha, nikasimama, nikaondoka.

Kimebaki kipande cha fuwele. Nitakipima nikikipasha joto kidogo kidogo, nione wimbi linadumu mpaka wapi, kama ulivyotaka. Jibu nitamletea Bi Raya kwanza, kabla ya mtu mwengine yeyote, na nitamweleza mara zote atakazotaka.

Kwa heri, Asya. Mwenyezi Mungu akupe kauli thabiti, alitie nuru kaburi lako.

Zuwena