Chumvi Kwenye Vigingi

3 Juni

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima, wewe na wa nyumbani kwako. Mimi ni mgongo tu, nao nimemwachia Mwenyezi Mungu. Mama ndiye mzima kutushinda wote: tangu asikie unakuja kutafuta maji ya zahanati, kila anayebisha hodi anaambiwa, "Mwanangu wa mashine anakuja." Juzi nikamwuliza, na mimi je? "Wewe si upo tu."

Nipo tu! Visima ishirini na kimoja kwa mikono hii, hakuna kilichokauka. Nimeshawaonyesha wa zahanati pa kuchimba, karibu na lango. Sasa wanasema tusubiri mashine yako ya kupimia maji ardhini. Njoo, nitakugongea vile vigingi vyake vya kupitishia umeme. Ila usiniaibishe mbele za watu.

Kaka yako, Fundi wa Visima

20 Juni

Shikamoo kaka,

Nimerudi kwangu salama, wote hawajambo. Asante kwa kugonga vile vyuma siku mbili juani na kuvimwagia maji, maana udongo umekauka kama tofali.

Majibu ni haya, tafadhali usinune. Langoni tulipima mara mbili, umeme ukakataa kupita: chini ni mwamba mtupu. Nyuma ya chumba cha kufulia unapita vizuri. Kuna maji, meta kumi na mbili hadi kumi na tano. Nimeandika pachimbwe pale, na mchimbaji uwe wewe.

Mama anasema tangu niondoke huongei. Kuna nini?

Mdogo wako

5 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Salamu nimezipunguza, maana nikizunguka nitalikimbia la kusema. Hata kwenye sala uso hauinuki.

Ulinieleza kuwa umeme ukipita kwa wepesi uliozidi, huenda maji ni ya chumvi. Basi kule kufulia, wewe umeinamia namba zako, watu wamekuzunguka, "injinia, injinia," nikatia pakiti mbili za chumvi kwenye dumu la kumwagia vigingi. Nilitaka mashine ipakatae. Ni wivu, sina jina lingine.

Futa majibu yale. Waambie ni mimi.

Kaka yako

11 Julai

Shikamoo kaka,

Nimecheka hadi mke wangu akaja kuchungulia. Lakini umeniumiza.

Chumvi sisi wenyewe huitia, udongo ukiwa mkavu, ili kigingi kishike ardhi. Inaishia juu pale pale. Sisi tunapima chini kabisa, kwa hiyo haikubadili majibu. Siku ile nilisahau kuibeba. Namba za kufulia zilitulia ajabu, nikajisifu bure. Kumbe ni wewe.

Hakifutwi kitu. Sijamwambia mtu, hata mama. Chimba, kaka.

Mdogo wako

28 Agosti

Mdogo wangu,

Sisi wazima, mgongo nao umetulia. Hata ubaya wangu umekufaa! Hilo lilinikera kuliko yote. Kila nikishusha sururu nilitamani igonge mwamba. Meta tisa, vumbi. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Meta kumi na tatu, miguu ikalowa.

Juu wanaita, "Fundi, vipi?" Nikachota kwa kiganja, nikaonja, natafuta chumvi. Hakuna. Nikaonja tena. Hakuna.

"Maji!" nikasema. Mama akainama mdomoni mwa kisima: "Pale pale alipoonyesha?"

"Pale pale, mama. Mdogo wangu hakukosea." Ilinitoka kama jino.

Wivu haujaisha, nisikudanganye. Niombee.

Kaka yako, Fundi wa Visima