Mama Hortensia na Nywele Alizomwahidi Mnazareti

Mwaka umetimia, Mama Hortensia Pirir, tangu ulipotutoka Juma Kuu likikaribia, na mashine yako ya kusaga mahindi bado haijapata mtu wa kuipiga kofi la ubavuni ikigoma kuwaka.

Ulikuwa mkarimu hadi ukawa unatukera. Mjane aliyeleta mahindi yake kusaga aliondoka na donge la ziada la mahindi yaliyosagwa, na akianza kushukuru unamfukuza: "Nenda zako, watoto wana njaa!" Kila alfajiri ulisuka kwanza nywele zako zilizofika kiunoni, ndipo ukawasha mashine. Mwanao Rolando alipovuka jangwa salama kwenda Kaskazini kutafuta kazi, ulimwahidi Yesu Mnazareti wa parokia yetu kwamba sanamu yake itazivaa nywele hizo Ijumaa Kuu. Sote tulijua, na tulijivunia.

Hatukujua kwamba ungezichagua badala yetu.

Baada ya titi kukatwa, daktari alisema tibakemikali ya saratani ianze kabla ya Krismasi. Ukawa unatuaga na kikapu chako, eti waenda hospitali na mdogo wako Cleotilde. Tulipouliza mbona nywele hazianguki, ulicheka. "Yangu ni dawa ya watu wastaarabu." Cleotilde akaitikia kwa kichwa bila haya. Kumbe mlikuwa mkiishia kanisani.

Ulikwenda kweli baada ya Pasaka, nywele zimeshakabidhiwa, ubavu umeanza kuuma. Nesi Maribel alishika kiuno.

"Mama Hortensia! Tumekungoja tangu Desemba. Ulipotelea wapi?"

Binti yako Nineth alidhani nesi amekosea mgonjwa. Wewe ukatazama sakafu, ukamuuliza nesi:

"Uvimbe si mlishautoa? Dawa ya nini tena kwa kitu kilichokwisha tupwa?"

"Kisu hutoa kinachoonekana, mama. Dripu hufuata mbegu zisizoonekana, popote damu inapofika. Hupiga seli zinazozaana haraka, na za nywele zimo, ndiyo maana huanguka. Lakini huota tena."

"Hata zangu?"

"Hata zako."

Ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye ini, na Pasaka iliyofuata hukuiona. Rolando alilia kwenye simu. "Mimi ndiye niliyevuka! Angeniambia, ningenyoa zangu."

Mama, tulikuwa tayari kukubeba ukitapika na kukufunga kitambaa kichwani. Ulitunyima hata hilo, na hilo ndilo linalotuuma.

Ijumaa Kuu hii, sanamu, ikibebwa kwa maandamano, ilisimama mlangoni petu, kama isimamavyo kwa kila aliyetoa nywele. Nineth alikuwa ametia komeo. Cleotilde, akiwa miongoni mwa wabebaji, akagonga.

"Nineth, fungua mwanangu. Mama yako amekuja."

"Mama yangu yuko makaburini. Hizo ulizonazo ni nywele."

Mwishowe Nineth akafungua, si kwa ajili ya Cleotilde. Alishika ncha ya msuko wako. Msuko ulinukia ubani, si mahindi. Nywele zilikuwa nzima, nyeusi, hazijapungua hata kidogo.

Unakumbukwa na mumeo Baudilio, wanao Nineth na Rolando, na wajukuu. Cleotilde ameomba jina lake liwekwe hapa. Tumeliweka kwa sababu ungetaka.

Hatutakusahau kamwe, Mama. Zingeota tena.