Nyota Zinajikunja na Mama Mkwe Anangoja

Shangazi wa gazeti, shikamoo. Nakuomba uisome barua hii kabla ya nyingine zote, kwa sababu ikichelewa mpaka Jumamosi ya mwisho wa mwezi haitakuwa na faida tena, nitakuwa nimeshaumbuka mbele ya kundi zima la wanawake, na mama mkwe wangu akiwa mstari wa mbele.

Mimi ni kinyozi, nina saluni ya viti viwili, na wateja waliniita Mashoto tangu siku ya kwanza kwa jinsi ninavyoshika mkasi, jina likaninata mpaka mke wangu naye ananiita hivyo akiwa na furaha. Mke wangu ana mimba ya miezi minane, ndiyo ya kwanza, tumeingoja mpaka tukachoka kuulizwa, na mama yake amekuja kukaa nasi ili amsaidie. Sasa Shangazi, mimi na mama mkwe hatujawahi kugombana hata siku moja, lakini kuzungumza pia hatujawahi. Yeye alitamani binti yake aolewe na mtu wa ofisini mwenye shati lililopigwa pasi, akapata mimi ninayerudi nyumbani na nywele za watu shingoni. Nikimwamkia ananijibu, "Marahaba," kisha anageukia redio. Akitaka kunituma anamwambia mke wangu, "Mwambie mwenzako atuletee mkate," na mimi nimekaa palepale nasikia kila neno, nami namjibu mke wangu, "Mwambie mama nimesikia."

Mama huyu anafuma kroshia, ile ya sindano moja yenye kulabu kwenye ncha, na nyumba yetu nzima ameshaivisha, redio ina kitambaa, birika lina koti, hata kigoda cha uani kimepata kofia. Jumapili moja mchana uzi wake ulivurugika, akawa anauvuta kwa hasira, nikauchukua bila kusema neno nikakaa nao mpaka nikaufungua wote bila kukata hata mahali pamoja, maana kwa kazi yangu nimeshafungua nywele za kila aina. Akanitazama. Akasema, na safari hii aliniambia mimi mwenyewe wala hakupitishia kwa mke wangu, "Una mkono mtulivu. Njoo nikufundishe. Kitanda cha mtoto kinataka vitu vya kuning'inia juu yake, nyota, mwezi, mioyo, na kitu cha kwanza atakachokitazama mtoto kiwe kimetoka mikononi mwa baba yake." Shangazi, kidogo niruke.

Basi kila nikirudi kazini nakaa ubavuni mwake kwenye kochi, uso nimeuinamisha kwa heshima maana ni mama mkwe, yeye ananipa sindano nami naipokea kwa mkono wa kulia kama tulivyofundishwa kupokea kitu kwa mkubwa, na somo linaanza, unatoa vitanzi vichache, unavifunga viwe duara, unazunguka huku unahesabu, halafu unatoa ncha za nyota moja baada ya nyingine. Akifanya yeye ni kama anapaka siagi kwenye mkate. Nikifanya mimi ni vita. Vidole vinatetemeka, uzi naukaza mpaka sindano inakwama, na nyota yangu ya kwanza ilijikunja ikawa kikombe, ungeweza kumnyweshea kifaranga. Ya pili ilitoka na ncha nne na kitu kingine ambacho sitaki kukieleza. Moyo ulitoka sikio, tena sikio la mtu mzima. Mke wangu alicheka mpaka akashika tumbo, "Mashoto, utanizalisha kabla ya wakati!" Mama hakucheka. Alizifumua zote, anapumua kwa pua tu, halafu akasema, "Naona hutaki." Neno hilo lilinichoma, Shangazi, kwa sababu nataka kuliko ninavyotaka kitu kingine chochote.

Akaniambia nimletee nyota moja iliyonyooka, moja tu. Mlango wa pili kutoka saluni yangu kuna fundi cherehani, dada mmoja mcheshi ambaye mikono yake haijui kupumzika, nikamweleza yaliyonikuta, naye huku anabishana na mteja juu ya urefu wa sketi akanifumia nyota tano, tano Shangazi, hata kuziangalia hakuziangalia. Nikazipeleka nyumbani. Mama akavaa miwani, akaziweka gotini, akazigeuza upande wa nyuma, akaivuta moja kidogo kwenye ncha, halafu akaniangalia usoni akasema, "Ahsante, mwanangu."

Mwanangu! Tangu nimuoe binti yake nimekuwa "mwenzako" na "huyo bwana". Nilikwenda bafuni nikafungulia maji ili wasisikie ninavyolia.

Lakini kesho yake asubuhi nikamsikia kwenye simu anawaalika dada zake na wenzake wa kikundi cha kufuma, waje Jumamosi ya mwisho wa mwezi kumwona mjamzito, na akamalizia kwa sauti ya kujivuna, "Mje na sindano zenu, mkwe wangu atawafumia nyota mkiwa mnamwona." Nikakimbilia saluni. Mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu, akanishauri nifunge kidole bendeji nidai nimejikata na wembe, na kweli ninavyoandika hapa nimeshakifunga, na mama kwa huruma amenipikia supu, nami nainywa huku namkwepa macho. Mke wangu hajui lolote, anajilaza na nyota moja juu ya tumbo anamwambia mtoto, "Baba yako kakufumia." Nikisema ukweli lile neno "mwanangu" litanipotea na pengine nisilisikie tena, nisiposema nitashikishwa sindano mbele ya watu. Maji yamenifika shingoni. Nifanyeje?

Mimi, Mashoto wa Viti Viwili

*

Mashoto, marahaba. Barua yako imeruka foleni. Kuna bibi anayegombana na jirani yake kwa sababu ya jogoo, naye atanivumilia mpaka wiki ijayo.

Kwanza toa hiyo bendeji. Itoe sasa hivi, kabla hujasoma mstari mwingine. Umetoa? Mtu mzima, karibu uitwe baba, unakunywa supu ya watu kwa kidole kizima! Hata aibu huoni! Na huyo mwalimu wako, akija kunyolewa mwambie Shangazi anamsalimu, na amestaafu kufundisha basi astaafu na kushauri.

Haya, baada ya hapo nakupa pole, na pole yangu ni ya kweli. Hapa mezani nina barua za wanaume ambao wake zao wana mimba na wao hawajui hata ni ya miezi mingapi. Wewe unarudi kazini miguu imekufa ganzi, unakaa na uzi unahangaika na nyota. Kwa hilo nimekupenda. Lakini kukupenda hakunizuii kukusema.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilipiga meza chai ikamwagika. Wewe si unaitwa Mashoto? Na chini umetia sahihi Mashoto? Mkasi unaushika kwa kushoto, wembe bila shaka kwa kushoto, riziki yako yote inatoka mkono wa kushoto. Halafu sindano ya mama mkwe umeipokea kwa kulia na ukabaki kufuma kwa kulia, eti kwa adabu! Ewe ndugu yangu, kupokea ni kupokea na kazi ni kazi. Mteja mzee akikukabidhi mkasi ukaupokea kwa kulia, utamnyoa kwa kulia? Ungekuwa na kesi ya masikio ya watu mpaka leo.

Ndiyo maana vidole vinatetemeka, uzi unakaza na nyota inajikunja. Usiseme vidole vyako vigumu, wala usiseme kroshia ni ya wanawake. Mkono unaojua kazi umeuweka pajani unapumzika, na usiojua umeutwika mzigo wote. Hata huyo mama yako mkwe ukimshikisha sindano kwa kushoto atafuma masikio vilevile.

Kosa la pili, unakaa ubavuni mwake na uso umeinama. Hapo unaona nini zaidi ya kiwiko? Mtu wa kushoto akifundishwa na mtu wa kulia anakaa mbele yake, wanatazamana. Mkono wake wa kulia na wako wa kushoto itakuwa upande mmoja, sindano yake ikienda dirishani na yako inaenda dirishani, ni kama unajitazama kwenye kioo. Na wewe unashinda mbele ya kioo kutwa nzima, usiniambie hujui kukifuata. Uzi usiukaze kama unafunga mzigo juu ya lori. Na nyota iache kwanza. Fuma duara dogo, liweke mezani, likilala bapa bila kuinuka kingo ndipo uanze kutoa ncha. Moyo utafuata baadaye, huo una kona zake na usikuharakishe.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe, maana mkono wako una nafuu kuliko mdomo wako. Mtu akiingia saluni kwako akiwa kanyolewa kwingine, wewe hujui? Unajua hata kabla hajakaa. Basi mfumaji naye anaujua mkono wa mtu. Juzi umemletea kikombe na sikio, leo unamletea nyota tano zinazolingana kama sahani za dukani. Umesema mwenyewe alivaa miwani, akazigeuza nyuma, akavuta ncha. Unadhani alikuwa anashangaa kipaji chako? Mimi simjui mama huyo na siwezi kuapa, lakini ninavyoona, alijua. Alijua, na bado akakuita mwanangu. Halafu akashika simu akawaita wenzake. Ama ameguswa kuona umehangaika kiasi hicho ili asivunjike moyo, ama amekutegea mtego, na kwa mama mkwe mambo hayo mawili huenda pamoja.

Kwa hiyo hilo neno usiliogopee. Hukupewa kwa sababu ya nyota, maana nyota si zako. Na mtoto wa mtu hanyang'anywi umwana kwa kusema ukweli. Anagombezwa, anagombezwa sana, halafu anaambiwa aje ale chakula kinapoa.

Leo hiihii, nasema leo, funga saluni mapema. Chukua zile nyota tano umpe mama mkononi, na hapo upokee na utoe kwa kulia kadiri unavyotaka. Mwambie, "Mama, hizi kazifuma fundi jirani yangu, mimi sikuweza, na niliogopa kukwambia." Ishia hapo. Usianze habari za uchovu, usimtaje mwalimu mstaafu, usijitetee. Akikusema, inama umsikilize. Akimaliza, vuta kiti uweke mbele yake, mkabiliane, umwambie, "Mama, mimi ni wa kushoto, naomba niishike hivi." Mkeo umwambie siku hiyohiyo, lakini umwambie amekaa na mto mgongoni, kwa sababu atacheka, na sitaki lawama za uzazi wa ghafla.

Jumamosi wageni wakija usikimbie. Utakuwa na siku kadhaa za mkono wa kushoto, duara utakuwa umeliweza, na Mungu akipenda hata ncha mbili tatu. Wafumie hilo duara. Watakutania, watakuuliza nyota ina shida gani mbona imekuja bila miguu, nawe cheka nao. Na yule fundi cherehani umwalike, akae na wenzake, sifa za zile nyota tano azipokee mwenye mikono yake.

Juu ya kitanda utundike ulizofuma wewe, hata ile ya ncha nne na hicho kitu usichotaka kukieleza, kama utaweza kuirudia. Zitundike juu kabisa mkono mdogo usizifikie, na fundo ulikaze, hapo peke yake ndipo ninapokuruhusu kukaza. Mtoto hatahesabu ncha. Atalala hapo anatazama tu, na mama yake atamwambia tena, "Baba yako kakufumia," na safari hii itakuwa kweli.

Shangazi yako, ninayefuta chai mezani